Tuzo za wajasiriamali wa mkoa: mgeni rasmi aende au asiende?

Wadau, mimi nasindika unga wa lishe hapa Mbeya. Mwaka jana nilipigiwa simu: "Hongera dada, umeteuliwa kuwania tuzo." Nikapiga kigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Kesho yake ikaja ankara: meza ya watu kumi, laki nane. Kura kwa meseji, na kila meseji inakata hela.

Laki nane kwangu ni soya na mahindi ya mwezi mzima. Nilikwenda, sikatai, tena na gauni la kukodi. Aliyeshinda kwenye kipengele changu pakiti zake hazikuwa hata na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, huipata alama hiyo bila ada miaka ya mwanzo. Ila meza alinunua tatu. Majaji hakuna aliyekanyaga ninaposagia.

Ninachosema: wanaotoza washindani watoze, ni biashara yao. Lakini kiongozi wa serikali asikubali kuwa mgeni rasmi pale. Akishapeana mkono na mshindi, picha ile wateja wanaichukulia kama muhuri wa mkoa.

Fundi viatu, Mwanjelwa: Dada, umelipia chakula, hukulipia tuzo. Mimi nilipata cheti cha mshindi wa pili, nimekitundika juu ya cherehani. Afisa mikopo alipokuja kukagua alikisoma kabla hajakaa. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mwanaume aliyeuacha ujana kama mimi hayumo. Cheti ndicho kilinisemea. Na bila mgeni rasmi, cheti kile ni karatasi tu.

Mwanzisha mada: Kaka, sikubezi, na kuhusu mkopo umenishika. Lakini umesema mwenyewe: bila mgeni rasmi ni karatasi. Basi kinachouzwa ni yeye! Ukumbi walipe wadhamini, mabango yao yalijaa hadi mlangoni mwa choo. Na mgeni rasmi, kabla hajapokea kadi ya mwaliko, aulize mambo mawili: majaji walitembelea akina nani, na mshindani katozwa shilingi ngapi.

Mama lishe: Aongeze la tatu. Chakula cha usiku ule nilipika mimi, sahani 300. Nusu ya hela yangu mpaka leo naidai.