Desemba kwa RV kutoka Dallas: Florida Keys, Gulf Shores au Padre Island?

Baba Nuru
Wakuu, habari za majukumu. Shule zikifunga Desemba nataka kukodi RV, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, niwapeleke mama watoto na wanangu watatu baharini. Wamezaliwa hukuhuku, bahari ya kwa bibi yao Tanga wanaiona kwenye picha tu. Nina wiki moja. Ninachotaka ni joto, watoto waingie majini. Napima Florida Keys, vile visiwa vya kusini kabisa mwa Florida, Gulf Shores ya Alabama na Padre Island hapa Texas. Wenye uzoefu nisaidieni.

Mzigua wa Houston
Mkuu, anza na ramani. Dallas hadi Corpus Christi, mji wa jirani na Padre Island, ni kama maili 410. Gulf Shores zinakaribia 650, Key West, mwisho wa Keys, zinapita 1,400. RV ya kukodi inakwenda maili 8 hadi 10 kwa galoni, na ukiwa na watoto huwezi kukimbizana na saa. Wiki nzima itaishia barabarani.

Kura yangu ni Padre Island, kambi ya Malaquite ndani ya hifadhi ya taifa. Hakuna kuweka nafasi, anayewahi ndiye anayepata, na bei yake ni ndogo sana. Ila kwenye kiwanja chako hakuna umeme wala maji: unajaza tanki kabla ya kuingia kambini, na bafu ni za maji baridi. Fika katikati ya wiki, usingoje Ijumaa jioni.

Dada Saumu
Kaka Mzigua, umbali umeusema vizuri, lakini mwenzetu kaomba joto. Upepo wa kaskazini ukishuka Texas mwezi huo, mnaamka na makoti. Gulf Shores nako maji huwa nyuzi 17 au 18, mtoto hakai humo dakika tano. Kati ya hizo tatu, Keys ndiko bahari bado inaogeleka Desemba.

Hata hivyo Gulf Shores naipenda sana kwa wenye watoto wadogo. Gulf State Park ina viwanja karibu 500 vyenye umeme, maji na bomba la majitaka, na njia za lami za baiskeli zinafika maili 28.

Mkazi wa Orlando
Baba Nuru, Keys inataka mipango ya mapema. Bahia Honda, Curry Hammock na John Pennekamp ni hifadhi za jimbo: sisi wakazi wa Florida tunaweka nafasi miezi 11 kabla, wengine miezi 10. Kwa Desemba hii kazi yako ni kuvizia walioghairi, kila siku. Na Bahia Honda ukiona kiwanja cha upande wa Bayside, kiache. Njia yake inapita chini ya daraja lenye kimo cha futi 6 na inchi 8, RV haipiti. Kulala kando ya barabara pia ni marufuku huko.

Ukipata nafasi, pandeni ndege hadi Miami mkodi RV hapo. Bahia Honda ni kama saa tatu tu, na mtavuka Seven Mile Bridge, bahari kulia na kushoto. Watoto hawataisahau.

Dada Saumu
Au sogeza tarehe, kaka. Kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti, Padre Island huachia vifaranga vya kasa wa Kemp's ridley alfajiri, na wageni huruhusiwa kutazama. Unawaona wakijikokota kwenye mchanga mpaka wimbi liwachukue. Maji nayo ni ya uvuguvugu. Fuatilia tu hali ya hewa, maana msimu wa vimbunga huanza Juni 1.

Baba Nuru
Dada Saumu, umenimalizia kazi. Tiketi tano za ndege Desemba siziwezi, na kuwapeleka wakatetemeke ufukweni sitaki. Juni, Padre Island. Mzigua, la kumwaga majitaka ya choo cha RV ndilo linanitisha, nielekeze.

Mzigua wa Houston
Usiogope mkuu. Kituo cha kumwagia kipo pale pale Malaquite. Vaa glavu, funga bomba barabara, fungua kwanza valvu ya choo. Tanki hilo likiisha ndipo ufungue ya maji ya kuogea, yasafishe bomba. Pia soma mkataba wa kukodi: maili za bure kwa siku, saa za jenereta, na kama wanakataza kuingia mchangani. Wengi wanakataza, na gari zito likizama pale, kulivuta ni hela nyingi.