Tupeane uzoefu: laptopu ya Linux inakawia kuwaka, wewe ulizima nini?

Fundi wa Kamalondo

Bandugu wa Lubumbashi, jambo. Hapa kwetu kompyuta haiwashwi asubuhi ikazimwa jioni. Moto (umeme) unakatika, unarudi, unakatika tena. Na laptopu nyingi tunazonunua zimetoka Bulaya betri zikiwa zimeshakufa, kwa hiyo moto ukirudi unaanza upya toka nembo ya kiwanda. Mashini ikikula dakika mbili kila mara kabla ya kukupa pa kuandika nywila, hesabu mwenyewe.

Tuambiane: ilikuwa inakwama wapi, ulizima huduma gani (programu zinazojiwasha zenyewe nyuma ya pazia), ikawaje. Sharti ni moja, leta jibu la `systemd-analyze` (amri inayopima muda wa kuwaka) la kabla na la baada. "Naona imekuwa nyepesi" hatuipokei.

Naanza na ya mteja mmoja wa Kenya (komini, si nchi). Alileta HP yenye Linux Mint. Alikuwa ameshazima Bluetooth, printa, Avahi, kila alichokuta kwenye orodha za mtandaoni, na bado inakawia. Nikabonyeza Esc wakati inawaka ili ule mchoro uondoke. Hapo ndipo nikaona: vinyota vyekundu vinakwenda na kurudi, na pembeni saa inahesabu kuelekea dakika 1 na sekunde 30. Bwana alikuwa ameweka Linux ya pili kwenye diski ileile, nayo ikaiumba upya sehemu ya swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM). UUID, yaani namba ya utambulisho ya sehemu hiyo, ikabadilika. `/etc/fstab` ya Mint (orodha ya sehemu za diski na folda za kufungua) ikawa inasubiri swap ambayo haipo tena, na systemd, msimamizi wa kuwaka, huvumilia sekunde 90 kabla ya kukata tamaa. Nikasoma UUID mpya kwa `blkid`, nikairekebisha ndani ya fstab na ndani ya `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, nikamaliza na `sudo update-initramfs -u` ili faili ya kuwashia iandikwe upya. Sekunde 90 zikaondoka zote. Zile huduma zake alizozima, zote kwa pamoja, hazikuwa zimempa hata sekunde nne. Bluetooth nilimrudishia.

Dada Fotokopi

Kaka Fundi, mimi niko na kibanda cha kopi na uchapaji. Mteja anasimama na flashi mkononi, moto umerudi sasa hivi, wote tunaangalia skrini nyeusi. Kwangu `systemd-analyze blame`, inayopanga huduma kwa muda zilizokula, iliweka juu kabisa `NetworkManager-wait-online.service`, karibu dakika nzima. Nikaizima kwa `sudo systemctl disable`. Mashini ikawaka vizuri, lakini folda tunayogawana na kompyuta ya nyuma ikawa wakati mwingine haipo. Ninairudisha, au kuna njia nyingine?

Fundi wa Kamalondo

Dada, swali zuri. Ile huduma haifanyi kazi yoyote, inasubiri tu mpaka mtandao uwe tayari. Moto ukirudi, laptopu na ruta vinaamka pamoja, na ruta inachelewa kugawa anwani. Kwa mtu asiye na folda ya mtandaoni, blame itaitaja ya kwanza na bado skrini ya kuingilia haikuwa inaisubiri hata kidogo, kwa sababu huduma zinawaka sambamba. Ndiyo maana naipenda zaidi `systemd-analyze critical-chain`: inakuonyesha nani hasa anamzuia nani.

Kwako wewe kuna mlolongo wa kweli. Folda ya NFS (ile unayogawana kwa mtandao) ndani ya fstab inataka mtandao, na skrini ya kuingilia inataka folda za mtandao ziwe zimemalizika. Irudishe huduma kama ilivyokuwa. Kisha kwenye mstari wa folda hiyo ongeza `noauto,x-systemd.automount`. Folda itafunguka siku utakapoigusa, si wakati wa kuwaka.

Dada Fotokopi

Nimefanya. Kabla dakika 1 na sekunde 12, baada sekunde 31. Aksanti sana kaka.

Petit wa Katuba

Yaya Fundi, mie niko mwanafunzi. Yangu ilikuwa inabeba MySQL, Apache, PostgreSQL na Docker, vyote vya masomo, vyote vinaamka kila asubuhi na mie naangalia filamu tu. Nimezima vyote vinne. Docker ilikuwa inarudi yenyewe mpaka nilizima na `docker.socket`, mlango unaoiamsha ikiitwa. Nikiwa na kazi ya darasa naandika `sudo systemctl start mysql`, inatosha. Kutoka sekunde 58 mpaka 37. Diski ni ile ya kuzunguka.

Mwalimu wa Kampemba

Mdogo wangu, hiyo ndiyo kuzima kwenye maana: kitu ulichokiweka mwenyewe, unajua kazi yake, na unajua kukiamsha. Wasiwasi wangu ni orodha za "zima hivi kumi" zinazonakiliwa bila kujua mtu anaishi wapi. Karibu zote zinasema ModemManager haina kazi. Ulaya labda. Hapa wenzetu bado wanatumia vile vimodemu vya USB vyenye SIM, na vingi havipigi laini bila ModemManager. Nimeona familia nzima ikilaumu kampuni ya simu. Ukitumia simu yako kwa waya au kwa wifi, hiyo huihitaji, zima. Vimodemu vinavyojionyesha kama kadi ya mtandao navyo havina shida.

Nyingine ni `systemd-timesyncd`. Laptopu kuukuu, ile betri ndogo ya saa kwenye ubao imekufa. Timesyncd huhifadhi saa ya mwisho kwenye diski na kuanzia hapo, kisha inasahihisha ikipata intaneti. Ukiizima, mashini inaweza kuamka ikiamini ni tarehe ya zamani, na kivinjari kinakataa kurasa nyingi za https kwa kusema cheti bado hakijaanza kutumika. Faida ya kuizima haifiki sekunde moja. Sioni kwa nini mtu aiguse.

Petit wa Katuba

Na `apt-daily`, ile ya masasisho ya kila siku, mwalimu? Hiyo inanikulia mega.

Mwalimu wa Kampemba

Hiyo nakubaliana na wewe nusu. Taima yake hukumbuka zamu iliyopita mashini ikiwa imezimwa, kwa hiyo moto ukirudi inaweza kuanza mara, diski inalia, na forfait (kifurushi cha intaneti) inaondoka kimya kimya. Mimi nimezima `apt-daily.timer` na `apt-daily-upgrade.timer`, lakini Jumapili nikiwa kwenye wifi ya parokia nafanya masasisho kwa mkono. Kama unajijua ni mtu wa kusahau, ziache. Mashini isiyosasishwa mwaka mzima ni hatari kuliko mashini inayokawia.

Fundi wa Kamalondo

Naunga mkono. Niongeze la printa kwa sababu mmeniuliza pembeni: kuzima `cups.service` peke yake hakutoshi, zima pamoja na `cups.socket` na `cups.path`, la sivyo inaamshwa tena. Na muwe na mkono mwepesi na `mask`. `disable` inasema usiwake mwenyewe, `mask` inakataza hata mwingine asiiamshe. Ukisahau ulichofunga, `systemctl list-unit-files --state=masked` itakutajia, ila usishtuke, mfumo wenyewe nao una vyake ilivyovifunga.

Petit, sekunde 37 zako kwenye diski ya kuzunguka hazitashuka sana kwa kuzima huduma. Umefika mwisho wa njia hiyo. Weka franka pembeni, tafuta SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) hata ya GB 120, uje nikuhamishie mfumo wako kama ulivyo, na usifute kitu kwenye ile ya zamani mpaka tuwashe mpya tuone.

Petit wa Katuba

Njo vile, yaya. Mwisho wa mwezi nitakuya.