Nimeuziwa klachi nzima wakati kilichokufa ni pedali. Mafundi, kwa nini hamuinami?

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaki kuificha. Ndani ya wiki tano giaboksi ya gari langu imeshushwa mara mbili ili klachi ibadilishwe, nimenunua klachi pleti mbili, na ugonjwa wenyewe haukuwa kwenye giaboksi hata siku moja. Ulikuwa juu ya mguu wangu wa kushoto, kwenye kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani.

Gari ni vani ya dizeli ya 1994, mtumba wa Uingereza. Nabebea samaki. Saa kumi na moja alfajiri nipo soko la samaki la Feri, Dar, na kabla jua halijawa kali mzigo uwe umefika kwa mama lishe wa Kimara na Mbezi. Barafu ikiyeyuka njiani hakuna wa kunilipa.

Ilianza kwenye taa za Magomeni. Nimekanyaga klachi, nikasikia "kra!", pedali ikazama mpaka chini na gia ikagoma kutoka. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikashika. Kesho yake ikafanya mara mbili. Baada ya siku nne gia ya kwanza na rivasi zikawa zinalia kila nikiingiza.

Nikaenda gereji. Nikamwambia fundi, "Pedali ya klachi inateleza." Hakukaa kwenye kiti, hakukanyaga pedali, hakuuliza kitu. Akasema klachi imekwisha, lete pesa ya seti nzima.

Jamani, klachi kuteleza na pedali kuteleza ni magonjwa mawili yanayopingana! Klachi ikiteleza, injini inapiga kelele lakini gari haliendi, mlimani unasikia harufu ya kuungua, ila gia zinaingia vizuri tu. Pedali ikiteleza, klachi haiachii: umekanyaga mpaka mwisho na gari bado linataka kwenda, gia zinakwaruza, lakini ukishaingiza linavuta kama kawaida. Langu lilikuwa linavuta. Lilikuwa linapanda Kimara na mzigo wa samaki na barafu bila kusita. Angeniuliza swali moja tu, "Kilimani linavuta?", mimi leo nisingekuwa naandika hapa.

Nikalipa 420,000 za pleti, presha pleti (ndiyo inayoibana pleti) na beringi (inayosukuma vidole vya presha pleti ukikanyaga), na 150,000 za ufundi. Jioni nikaomba nione pleti ya zamani. Wakasema imeshatupwa. Spea ni yangu, nimeinunua mimi, mnaitupa kwa ruhusa ya nani? Leo naamini haikuwa imekwisha, na ndiyo sababu sikuonyeshwa.

Siku ya sita, Ubungo, kwenye foleni: kra!

Nikarudi palepale. Safari hii kijana mmoja akachungulia, akaona kipande chenye meno kinacheza juu ya pedali. Nikashukuru Mungu. Kumbe balaa ndiyo lilikuwa linakuja. Badala ya kuniambia nitafute kingine, wakakitoboa, wakapiga boliti, wakakifunga moja kwa moja na pedali. "Haitateleza tena, bosi." Kweli haikuteleza tena. Iliunguza klachi mpya.

Nieleze, maana hili limenigharimu. HiAce tulizozizoea zinasukuma klachi kwa presha ya mafuta. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ina kebo yenye nati, ikilegea unakaza kwa mkono. Vani yangu ina kebo lakini nati haina. Juu ya pedali kuna kipande cha robo duara chenye meno, na kebo imeshikwa hapo. Kuna springi inayokivuta ili kebo isilegee, na kuna ulimi mdogo. Ukikanyaga, ulimi unauma meno na kebo inavutwa. Ukiachia pedali ikarudi juu kabisa, ulimi unajitoa, kile kipande kinabaki huru na kujitafutia mahali pake upya. Klachi pleti inavyolika, vidole vya presha pleti vinasogea na kebo inahitaji kuachiwa kidogo kidogo. Hiyo ndiyo kazi yake, kurekebisha klachi bila spana.

Sasa wewe fundi umekipiga boliti. Kebo imekaza na haiachii tena. Beringi inakandamiza vidole muda wote, kana kwamba nimeweka mguu juu ya klachi kutoka Feri mpaka Mbezi. Pleti haibanwi sawasawa, inateleza kweli sasa, inaungua. Wiki tatu tu, harufu imejaa ndani ya gari na kilima nilichokuwa napanda nimeshindwa.

Siku hiyo nililala chali chini ya dashibodi na tochi ya simu. Dakika kumi hazikufika. Nikatoa boliti, nikakigeuza kile kipande kwenye mwanga. Meno matano ya katikati yamelika yakawa mviringo, ulimi nao umelika ncha. Hakuna kilichofichika! Mtu yeyote mwenye macho angeona, angeinama tu.

Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani na kipande mkononi. Kipande cha meno, ulimi na springi, vyote pamoja 65,000. Nikaongeza kebo mpya, kwa sababu ya zamani ilikuwa kavu na nyuzi zimeanza kukatika ndani ya ala yake. Kebo nzito ndiyo inayotafuna meno, ukiiacha kipande kipya kitakufa vilevile. Pleti nyingine nikalazimika kununua, ile imeungua. Safari hii nilisimama pembeni ya gari mpaka boliti ya mwisho, na pleti iliyoungua ninayo nyumbani.

Mwenye gari la namna hii pedali ikimgomea njiani: weka kidole cha mguu chini ya pedali, inyanyue taratibu mpaka juu kabisa, kisha kanyaga. Ulimi unajitoa na unaweza kushika meno mengine. Hiyo ndiyo ilinifikisha nyumbani siku iliponigomea Ubungo. Si dawa, ni ya kukutoa barabarani.

Nimempigia fundi simu. Jibu lake: "Gari lako kongwe, tatizo ni gari." Gari kongwe! Limenilishia watoto miaka saba. Injini haijaguswa. Aliyelitoboa kwa drili ni yeye.

Kesho saa mbili asubuhi nipo getini kwake na pleti iliyoungua, kipande chenye tundu la boliti, na risiti zote. Nataka 150,000 yangu ya ufundi wa kwanza na bei ya pleti aliyoiunguza. Aliyewahi kudai gereji akalipwa aniambie alianzia wapi, serikali ya mtaa au polisi. Na mwenye kujua duka lenye kile kipande cha meno cha chuma badala ya plastiki, ataje bei, nakuja leo hii.