Mdogo wangu kasimamishiwa msaada wa chuo Marekani, na hakufeli somo hata moja

Mwana wa Rubondo
Ndugu zangu, salama? Niko Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Mdogo wangu wa kike alihamishiwa Iowa mwaka 2022, anasoma chuo cha miaka miwili kwa ruzuku ya Pell, msaada wa serikali ya Marekani usiorudishwa. Muhula uliopita mama alilazwa Mbarara wiki tano. Mimi nikalala naye wodini, mdogo wangu akaongeza zamu za usiku kiwandani ili dawa zipatikane. Akaacha masomo matatu katikati, yakaandikwa W, yaani kajitoa. Wastani wake ni 2.8 kati ya 4! Juzi kapokea barua: amejiandikisha krediti 24 (vipimo vya masomo), amepata 15, msaada umesimama. Kwani kuacha somo ni kufeli? Kuna aliyemshauri apumzike mwaka mzima, eti upungufu huo utajifuta.

Mama Neema
Pole kwa mama, ndugu yangu. Mimi nilitoka kambi ya Kyangwali, barua hiyo naijua. W haigusi wastani, lakini inahesabiwa kwenye krediti ulizojaribu. Vyuo vingi vinataka upate asilimia 67 ya ulizojaribu. 15 kwa 24 ni 62.5. Asipumzike. Mwaka ukipita, hesabu itabaki ileile.

Akate rufaa. Ugonjwa wa mzazi ni sababu inayokubalika. Ila asikosee nilipokosea mimi: niliandika kurasa mbili za shida za kambini, wakanikatalia. Sikuwa nimesema ni nini kimebadilika. Aeleze kilichotokea, kwa tarehe, kisha aseme mama ametoka hospitali, zamu za usiku ameacha, na muhula ujao atachukua masomo mangapi. Hilo la pili ndilo wanalolitafuta.

Kaka wa Kisenyi
Rufaa ikipita atapewa muhula mmoja wa majaribio, au mpango wa masomo wa kufuata. Akichukua krediti 12 na kuzipata zote atakuwa na 27 kwa 36, asilimia 75. Hapo ametoka kwenye kusimamishwa.

Lakini mwambie na ukomo. Programu ya krediti 60 inalipiwa mpaka krediti 90 za kujaribu, basi. W zimo, masomo ya kurudia yamo. Anayebadilisha fani kila mwaka anazimaliza kabla ya cheti. Na Pell yenyewe ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma kwa muda wote.

Mwana wa Rubondo
Mungu awabariki. Nilikuwa nimeshamkaripia kwa simu kwamba amezembea, na alikuwa anatulipia dawa. Nitampigia leo saa mbili usiku, kwake itakuwa mchana. Fomu ya mama ya kuruhusiwa hospitalini ninayo, ina mhuri na tarehe zote mbili, ya kulazwa na ya kutoka. Inafaa?

Mama Neema
Inafaa sana. Ipige picha mchana, kwenye mwanga, mhuri usomeke. Na rufaa aiwasilishe kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua yake, hata kama hajamaliza kuipamba.