Tupeane uzoefu: kupeleka darasa kutembelea shule ya watoto wenye ulemavu

MwlDodoma: Msimu wa ziara umefika. Kuna madarasa yanakwenda Buigiri kwa wasioona, mengine Buguruni kwa viziwi. Wanaozijua ziara hizi, wanafunzi waandaliwe vipi?

NuktaSita: Anza na kuongozana. Wageni humshika asiyeona mkono wakamvuta, ndipo anapojikwaa. Msalimie, jitaje jina, mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, wewe tangulia nusu hatua. Penye ngazi simama, sema zinapanda au zinashuka, na ya mwisho uitaje. Ukiondoka aga, usimwache akiongea peke yake.

Darasani wataonyeshwa mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole; ina vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi. Wageni hubonyeza kimoja kimoja kama simu, nukta zinatawanyika, maana kila mbonyezo unasogeza mashine hatua moja. Herufi hubonyezwa kwa mpigo mmoja: c ni nukta ya 1 na ya 4 pamoja. Kwenye kibao cha mkono nukta huchomwa kwa nyuma ya karatasi, hivyo unaandika kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi ndipo inasomeka. Na jamani, vitabu vya nukta nundu visimamishwe. Vikirundikwa, nukta zinalala, vidole havisomi kitu.

BintiTabora: Hilo la vitabu nakazia.

MzeeWaZawadi: Msisahau biskuti na soda.

NuktaSita: Biskuti zinaisha saa ileile, mzee wangu. Pelekeni karatasi nzito za nukta nundu, nyepesi inatoboka. Wenye ualbino wapelekeeni kofia za ukingo mpana, nguo za mikono mirefu na losheni ya jua, mfano Kilisun inayotengenezwa Moshi.

MzeeWaZawadi: Mtoto ni mtoto, na biskuti anaitaka! Pelekeni vyote.

BintiTabora: Muulizeni matroni kwanza, yeye ndiye anajua bweni limepungukiwa nini.

FundiViti: Mnabishania biskuti wakati hatari iko kwenye kitimwendo! Mteremkoni wanafunzi husukuma kwa mbele, gurudumu dogo linagonga jiwe, kiti kinasimama ghafla, mtoto anarushwa chini kwa uso. Mteremko mkali shusha kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini, magurudumu makubwa yatangulie. Kwenye mchanga yale madogo huzama: inamisha kiti nyuma, vuta kinyumenyume. Mtoto akitaka kushuka, funga breki zote mbili na ukunje vikanyagio, maana akisimama juu ya kikanyagio kiti kinapinduka. Usikinyanyue kwa kushika sehemu za kuwekea mikono, nyingi huchomoka. Asukume mmoja tu, tena aliyekubaliwa na mwenye kiti.

Chausiku_K: Mungu wangu, hiyo ya vikanyagio wengi hatuijui!

MwlDodoma: Na breki zikiwa zimefungwa kiti bado kinateleza?

FundiViti: Kagua upepo. Tairi likilegea breki hailigusi vizuri.

Chausiku_K: Kwa viziwi, mwite kwa kumgusa bega au kumpungia. Mtazame yeye, si mkalimani. Usisimame dirisha likiwa nyuma yako, uso unakuwa kivuli. Kupaza sauti kunapotosha midomo tu. Kupongeza: mikono juu, vidole vitikiswe.

MzeeWaZawadi: Darasa lote liende.

BintiTabora: Hapana, ishirini wanatosha, kila mmoja apate mwenyeji wake. Na kukiwa na kitengo cha usonji (autism), ngoma na vuvuzela zibaki kwenye basi, kelele huwasumbua.

MwlDodoma: Picha je?

BintiTabora: Mkuu wa shule akiruhusu, na mtoto mwenyewe akikubali. Hata mmoja akikataa, simu mfukoni.