Jamaa wa boti ya Pemba kaniambia maji niliyoyazoea ni ya ndoo, halafu AKATAFSIRI!!

Mtoto wa Hombolo (mleta uzi)
Wakuu, niko kwenye treni, Morogoro tumeshaiacha. Mtandao ukikatika mjue tumeingia mahandaki ya Kilosa. Siwezi kusubiri nifike nyumbani, nitapasuka.

Mnamjua. Kila aliyewahi kulala kwenye boti ya kuzamia kule mkondo wa Pemba anamjua. Yule wa filimbi shingoni, kaptula moja tangu Jumatatu hadi Jumatatu, anayeongoza wazamiaji kama vile bahari kaachiwa na babu yake kwa wosia. Jina silitaji.

Nimeuza zabibu za mvuno mzima nikalipia siku tatu kwenye ile boti. Cheti ninacho, kinaniruhusu kushuka meta 18, sikukiokota soko la Majengo. Sasa jana asubuhi tumetia nanga karibu na Misali, maji maangavu, unayaona matumbawe kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Wageni 14 tumejipanga na mitungi yetu, ubao wa majina umetundikwa. Bwana yule akalamba kidole gumba. Akafuta jina langu. Akasema: "Mtu wa Dodoma leo anabaki juu. Maji aliyoyazoea ni ya ndoo."

Hapo ningemeza. Mgogo gani asiyejua utani? Lakini alipoona Wajerumani hawajacheka, AKATAFSIRI. Kwa Kiingereza, taratibu, na mkono anauonyesha unachota. Wakacheka mpaka boti ikayumba. Mama mmoja wa Kijerumani akaja kunishika bega kama nimefiwa.

Saa tatu nzima nimekaa na mpishi namenya vitunguu. Nimevalishwa jaketi la kuokolea, amri yake, na boti imetia nanga! Wenzangu wanaibuka wanasimulia chewa mkubwa kama bajaji, mimi machozi yananitoka, na si ya vitunguu.

Tusi unalitafsiri ili iweje?

Zabibu Kavu
Huyo namjua. Mwaka jana aliniambia mapezi nimeyavaa kama malapa ya kuendea chooni. Lakini mkuu, jina halifutwi bure. Siku ya kwanza ulifanya nini?

Mtoto wa Hombolo
Siku ya kwanza nilizama vizuri tu. Tumefika meta 5, masikio nimeshayasawazisha, akapita kasa, mkubwa, mtulivu, karibu nimguse. Nikamwonyesha yule bwana dole gumba kwamba mambo ni moto. Akanishika mkono akanipandisha juu! Sikuelewa ana nini. Dakika nne, basi, nikaishia hapo.

Baharia Mstaafu
Hahahaha subirini nikae. Kaka, chini ya maji dole gumba maana yake "napanda juu". Mambo safi unaunganisha kidole gumba na cha shahada, duara. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Kakutii mwenyewe!

Chips Kavu Area C
Ameomba lifti ya kurudi Dodoma 😂😂

Mtoto wa Hombolo
Duara nalijua! Lilinitoka kwa furaha. Mtu ameona kasa kwa mara ya kwanza maishani, unamhukumu kwa kidole? Na hata kama nilikosea, aniambie pembeni kama mtu mzima. Yeye alifuta jina mbele za watu. Akatafsiri!

Binti Chamwino
Mkuu tuliza moyo. Ila umetoka botini leo hiyohiyo na unapanda Dodoma? Huku ni zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezamia siku mfululizo naitrojeni inambaki mwilini, akipanda juu haraka inatoka kama povu la soda, viungo vinauma, anaweza hata kupooza. Kwa ndege wanashauri usubiri angalau saa 18, na mwinuko nao una masharti yake. Ungelala Dar kwanza.

Mtoto wa Hombolo
Naitrojeni ipi dada yangu??? Nimezama dakika nne, juzi! Hiyo naitrojeni wanayo Wajerumani. Mimi nimebaki na harufu ya vitunguu.

(handaki)

Baharia Mstaafu
Sijacheka hivi tangu Idi.

Mpangaji Nkuhungu
Mnalia na maji ya Pemba. Mimi mwenye nyumba wangu, mnamjua, yule wa khanga ya njano, amefunga bomba kwa kufuli. KUFULI. Funguo anaiweka kifuani. Saa kumi na moja alfajiri tumepanga foleni na ndoo kama tunapokea mahari.

Zabibu Kavu
Wewe una kufuli, unalo la kufungua. Kwetu bomba linakohoa tu, wiki ya pili. Mtoto wangu anadhani ni la kupigia muziki.

Mtoto wa Hombolo
Wakuu turudi kwenye mada. Nimelipa hela kamili.

Chips Kavu Area C
Mkuu, si jamaa alisema kweli sasa? Soma uzi wako wote humu, ni ndoo tupu 😂

Mtoto wa Hombolo
Ndoo ni zetu, tuzicheke wenyewe! Yeye zinamhusu nini mpaka awapelekee Wajerumani?

Mpangaji Nkuhungu
Hapo nakuunga mkono. Na yule mama wa khanga ya njano leo kanikata jicho kwa sababu nimefua mashuka mawili.

Binti Chamwino
Hama. Kisasa kuna nyumba zina kisima.

Zabibu Kavu
Kisima cha chumvi! Chai unakunywa kama supu.

Mtoto wa Hombolo
Tumetoka handakini. Alitafsiri, jamani.

Mpangaji Nkuhungu
Nani ana namba ya mwenye boza? Tukichanga wapangaji sita, linaingia kwenye kichochoro cha Nkuhungu au linakwama?