Mjadala: Tujengewe daraja jingine la magari juu ya Thika Road?

Mpangaji wa Zimmerman
Nauliza kwa nia njema kabisa. Naishi Zimmerman, nafanya kazi Kasarani, ng'ambo tu ya Thika Road, hii barabara kuu inayotoka Nairobi kwenda Thika. Nikiwa dirishani naona mabati ya upande ule. Lakini ukiwa na gari huwezi kuvuka hapo hapo. Lazima ushuke Roysambu au upande hadi Githurai, ujibane na kila mtu, ndipo urudi nyuma tena. Alhamisi iliyopita niliwasha gari saa kumi na mbili kasorobo, nikafika saa moja kasoro dakika kumi. Kwa miguu ningetumia nusu saa. Kwa nini tusijengewe daraja hapo katikati, ili sisi wa kuvuka tusichanganyike na wanaoenda Ruiru na Thika?

Dereva Mstaafu
Naunga mkono. Nimeendesha matatu barabara hii miaka kumi na tisa. Jioni matatu tatu zinapakia ubavu kwa ubavu, na njia ya pembeni inakufa. Daraja litasaidia. Ila tuambiane ukweli, shida nyingine ni watu wenyewe. Daraja la miguu liko pale juu, wao wanapita chini kama mbuzi. Ni uvivu tu. Ukimshikia breki mmoja, foleni inarudi nyuma mpaka usione mwisho wake.

Mama Pacha
Mbuzi? Mimi ni mmoja wao, basi. Natoka kazini saa mbili usiku, mtoto mmoja mgongoni, mwingine namshika mkono, na mfuko wa unga. Nimehesabu hatua zangu kwenye daraja letu, kupanda, kuvuka na kushuka: 388. Chini hazifiki mia. Na bado nilikuwa napanda kila siku, mpaka mwaka jana taa zilipozimika na vijana wawili wakanisimamisha kwenye kona ya mteremko, pale ambapo aliye juu hakuoni na aliye chini hakuoni. Walichukua simu na mkoba. Mmoja alimshika mwanangu mkono mpaka nikatoa. Tangu siku hiyo giza likiingia napita chini, kwenye ule mwanya ambapo vyuma vya kati vimekatwa. Upana wake ni wa mtu mmoja, na ncha za vyuma zimelainika hadi zinang'aa, kwa nguo za watu wanaopita. Hizo nguo zote ni za wavivu?

Damu ya Githurai
Pole sana mama. Na hao wanaokata vyuma waende wakauze mifupa yao kwa wanunuzi wa chakavu.

Dereva Mstaafu
Mama, pole, sikujua yako. Lakini na mimi nina yangu. Mwaka 2016 mtu alitokea kwenye mwanya kama huo na gunia begani, mvua inanyesha. Nilikanyaga breki, gari likakaa upande, abiria wakalia. Hakuguswa. Aliokota gunia akaenda zake. Mimi mikono ilitetemeka mpaka mjini, na siku tatu sikushika usukani. Ninaposema wapande juu nasema kwa sababu ya siku hiyo.

Mama Pacha
Ungesema hivyo tangu mwanzo. Ulisema mbuzi.

Kipimo
Turudi kwenye swali. Mimi nafanya kazi ya upimaji na napinga daraja la magari. Thika Road yenyewe ilipanuliwa kwa hoja hii hii: ongeza njia, foleni itaisha. Rais Kibaki aliifungua 2010, pesa za Wachina, na miaka michache tu ikapumua. Halafu watu wakaona Juja imekuwa jirani, magorofa yakaota pande zote. Ruiru ilikuwa na watu kama 240,000 kwenye sensa ya 2009. Ya 2019 ilikuta karibu 490,000. Njia nane, ukiacha za pembeni, zimejaa. Daraja lako litajaa hivyo hivyo, maana kila anayekwepa kuvuka leo kesho atawasha gari.

Mwalimu wa Jioni
Ilifunguliwa Novemba 2012, si 2010. Na si pesa za Wachina pekee, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikopesha pia. Kampuni za ujenzi ndizo zilikuwa za Kichina, tatu. Mtu anayejiita Kipimo apime kabla ya kuandika.

Kipimo
Nakubali mwaka. Hoja haibadiliki kwa miaka miwili.

Damu ya Githurai
Hoja yako ni kwamba sisi tusijengewe. Wenye nafasi wana Expressway, barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, wanapita juu ya vichwa vya watu. Gari dogo mwisho hadi mwisho ni shilingi 500 tangu 2024, na mwanzo ilikuwa 360. Hakuna aliyewaambia itajaa. Sisi tukiomba daraja moja tunasomewa nadharia. Wewe bila shaka unaandika kutoka Kileleshwa, kwa matajiri.

Kipimo
Naandika kutoka Kahawa Wendani, chumba kimoja, na sina gari. Natembea mpaka steji kama wewe. Ndiyo maana inaniuma kwamba kila tukikaa kuongea barabara tunaongea magari. Utafiti wa JICA, shirika la misaada la Japani, wa 2013 ulikuta zaidi ya safari nne kwa kila kumi Nairobi ni za miguu. Nne! Na tuliahidiwa mabasi ya BRT, yaani ya mwendo kasi yenye njia yake, laini ikapewa hadi jina, Simba. Mkichoka kunitukana niulizeni ule mstari mwekundu uliochorwa barabarani kwa ajili yake umetufikisha wapi.

Damu ya Githurai
Sikukutukana. Nimekosea mtaa.

Mwalimu wa Jioni
Jambo moja kuhusu madaraja ya miguu hamjalitaja. Wachuuzi. Nusu ya upana ni soksi, chaja na parachichi. Watu wanapita kwa mstari mmoja, na vibaka wanapenda msongamano huo. Waondolewe kwanza, ndipo tuwalaumu wanaovuka chini.

Muuza Soksi
Nimesoma kimya mpaka hapo. Mimi ndiye wa soksi. Mwalimu, umewahi kupita lile daraja siku tumefukuzwa? Taa za nguzo zikizimika, mwanga unaobaki ni wa taa zetu za betri. Nina moja nimeitundika kwenye wavu, na jirani yangu wa chaja ana mbili. Wiki tulipofukuzwa, wanawake watatu waliibiwa pale pale ninapokaa, na tuliporudi walikuja kutuambia. Kibaka hapendi mtu anayekaa mahali pamoja kila usiku na kumjua kwa sura. Tupimieni mstari upande mmoja, tulipe ushuru, tukae nyuma ya mstari. Lakini usiseme sisi ndio tunaoleta wezi.

Mwalimu wa Jioni
Huo mstari nautaka. Mchana bado mnabana njia, mtu mwenye kiti cha magurudumu hapiti kabisa.

Muuza Soksi
Hilo ni kweli. Yupo mzee mmoja wa magongo, akija tunasogeza vitu wote. Wa kiti sijawahi kumwona akipanda.

Mpangaji wa Zimmerman
Jamani, niliuliza la magari.

Dereva Mstaafu
Ndugu yangu, lako lipo. Nimewaza tangu jana usiku. Likijengwa, lijengwe na njia pana ya miguu ubavuni, isiyo na kona za kujificha, mteremko mlaini na taa. Likiwa la magari peke yake silitaki tena. Na Mama Pacha, neno la mbuzi nimeliondoa. Vijana wenye nguvu wanaoruka vyuma mchana kweupe, hao bado nitawaita wavivu.

Kipimo
Likiwa hivyo, hata mimi sina vita nalo sana. Ila njia ya miguu ije kwanza. Outering Road ilipanuliwa, madaraja ya miguu yakachelewa, na watu waligongwa wakivuka. Tusikubali kuambiwa "yatakuja baadaye".

Mpangaji wa Zimmerman
Nakubali. Mimi mwenyewe nikiwa na njia salama hilo gari naliacha nyumbani. Ni nusu saa tu.

Mama Pacha
Dereva, nimekusikia. Lakini leo bado nitapita chini, maana taa hazijarudi.

Muuza Soksi
Mama Pacha, leo nipo mpaka saa tatu unusu, pale pale kwenye kona ya mteremko. Nimebadilisha betri. Pita juu.